Hesabu mitutu, si vifaru: tunavyoshambulia tukiwa saba

Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Marikiti, karibu na wauza viungo, na mchana kutwa mikono yangu imo ndani ya skrini za watu zilizopasuka. Usiku ni wangu. Tukishaswali Isha na kula, mimi na wenzangu sita tunaingia World of Tanks Blitz, gemu ya simu ya vita vya vifaru. Kuna binamu yangu wa Likoni, dereva wa tuktuk anayekaa Majengo, karani wa mambo ya makontena bandarini, ndugu wawili wauza viazi karai Makadara, na mpwa wangu wa kidato cha nne, ambaye hucheza wakati wa likizo tu (dada, ukiyasoma haya, wallahi ni likizo tu).

Mwaka mzima tulikuwa hodari wa kujibanza na aibu tupu katika kushambulia. Mji wetu wenyewe jina lake la kale ni Mvita, lakini vita tulikuwa hatuvijui. Tulitoka kwenye kona mmoja mmoja, kama abiria wanaoteremka matatu, na adui amesimama mlangoni akitungoja na nauli yake. Wa kwanza akifa, wa pili anatoka kulipiza kisasi, na wa tatu anatoka kuuliza kumetokea nini.

Haya ninayoandika ni yale yaliyotubadilisha. Kama hujawahi kucheza, jua haya machache: kila upande una vifaru 7, pambano ni dakika 7, na ukifa huwezi kurudi. Vifaru ni vya aina nne: vyepesi, vya kati, vizito, na viwinda-vifaru, ambavyo vina mzinga mkali na ngozi laini. Kwa kawaida gemu hukuruhusu kuingia na mwenzako mmoja tu kwenye platuni, yaani kikundi cha marafiki. Sisi saba hukutana katika chumba cha mazoezi, tukipambana na kikosi kingine cha saba. Hata mkiwa wawili, mengi ya humu yatawafaa.

Mzinga hauchoki

Kifaru kilichobakiwa na uhai wa 1 kinapiga sawasawa na kile ambacho hakijaguswa. Hakichechemei, wala mkono haumtetemeki. Kwa hiyo kumjeruhi adui peke yake hakujakupunguzia chochote. Unapunguziwa siku mtutu wake unaponyamaza.

Chukua karatasi. Sisi watatu, wao watatu. Kila kifaru kina uhai wa 900, kila risasi inatoa 300, na sisi tunaanza kupiga. Tukigawana, kila mtu na wake, mzunguko wa kwanza wote watatu wanabaki na 600, wanatujibu risasi tatu. Mzunguko wa pili wanabaki na 300, wanatujibu tatu tena. Wa tatu wote wanakufa. Tumekula risasi sita, yaani 1,800. Sasa tukimpiga mmoja sote kwa pamoja, mzunguko wa kwanza amekufa mmoja, wanajibu wawili. Wa pili amekufa mwingine, anajibu mmoja. Wa tatu tumemaliza. Tumekula risasi tatu, 900 basi. Vifaru vilevile, risasi zilezile, hasara nusu.

Kwenye gemu risasi nyingine hukosa au kuteleza, na madhara hayatoki sawasawa kila mara, lakini hesabu haigeuki sana. Nilipowaonyesha wenzangu kwenye boksi la mahamri, yule mkubwa wa ndugu wa viazi alisema, "Kumbe tumekuwa tukiwalisha." Ndivyo.

Sheria ikawa fupi: shabaha anaitaja mtu mmoja, na ukimwona, unampiga huyo, hata kama kuna mwingine ananona mbele yako. Ukiwa humwoni, piga unayemwona. Usikae bure ukimngoja mteule.

Tano kwa tatu, na kichochoro kinavyoiharibu

Kulikuwa na injinia wa Kiingereza, Frederick Lanchester, mtengeneza magari, aliyeikokotoa hesabu hii zama za Vita vya Kwanza vya Dunia. Alisema kwamba pale ambapo kila mmoja anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya kikosi si idadi yake, bali ni idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Vifaru 5 dhidi ya 3 ni 25 dhidi ya 9. Toa, unabaki na 16, nayo ni nne mara nne. Maana yake mkitoka 5 mkawavamia 3, mnatarajia kubaki 4. Mmempoteza mmoja, mmewamaliza watatu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nikadhani dawa imepatikana: tukusanyike watano, twende. Tukaenda, kwenye Himmelsdorf, ule mji wa Kijerumani uliojaa vichochoro. Tulikuwa watano, wao wawili. Tukafa wanne.

Kilichotuponza ni lile sharti ambalo nililipita mbio, la *kila mmoja anaweza kumlenga yeyote*. Hebu fikiria kichochoro cha Mji wa Kale, vile vya Kibokoni ambavyo mkokoteni ukiingia watu wanajibana ukutani. Vifaru vitano vikiingia humo kwa mstari, anayeona mbele ni mmoja tu. Wanne wa nyuma wanaangalia makalio ya mwenzao. Hamko watano tena; mko mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja. Na wale wawili wa upande wa pili, wakiwa wamesimama pembe mbalimbali, wote wanamwona kila anayetokeza.

Kwa hiyo usinihesabie vifaru, nihesabie mitutu inayoiona shabaha wakati mmoja. Kabla ya kila shambulio karani anauliza swali hilohilo: "Mingapi inaona?" Jibu likiwa dogo kuliko mitutu ya adui inayouona mlango wetu, hatutoki, hata tukiwa saba tumejazana pale.

Pembe mbili, kama buruji

Mtu wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kujifunza hili. Nenda Fort Jesus. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, na mchoraji wake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Simama ukutani kwenye buruji moja, ile pembe ya ngome inayochomoza nje, uangalie buruji ya pili. Utaona kwamba mtu akija kujibanza chini ya ukuta huu, haonekani kutoka juu yake, lakini kutoka buruji ile anaonekana mgongo mzima. Hakuna pa kujificha, kwa sababu kila buruji inalinda mguu wa mwenziwe. Waomani walipoizingira 1696, ngome haikuanguka mpaka 1698.

Sisi tunaigeuza akili ile iwe ya kushambulia. Adui aliyejibanza kwenye kona amejikinga na upande mmoja. Ukimletea mtutu wa pili kutoka pembeni, ile kona yake haimfai kitu. Akikugeuzia uso wewe, mwenzangu anapata ubavu. Akimgeukia mwenzangu, mimi napata ubavu. Na ubavu ni mwembamba. Tiger I, kwa mfano, mbele ina chuma cha milimita 100, ubavuni 80, na wenye akili hukisimamisha mshazari. Ukikigeuza nyuzi 30, risasi inayokuja kutoka mbele inakutana na unene wa kama 115 badala ya 100, na ubavu unasomeka kama 160. Lakini huo ni mshazari wa kumkabili mtu *mmoja*. Kwa anayemtazama kutoka upande wa pili, ubavu uko wazi kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa.

Pembe ya pili si lazima iwe mbali. Wanaoanza hudhani kuzunguka ni kuifuata ramani mpaka mgongoni kwa adui, safari ya dakika mbili, na wakifika wenzao wameshakufa. Mitaa miwili inayokwenda sambamba inatosha. Mkipishana nyuzi 60 hivi, adui hana namna ya kusimama akawa salama kwa wote.

Kwetu vizito vitatu ndio nyundo: dereva wa tuktuk, mimi, na karani. Ndugu wa viazi wana vya kati viwili, ndio pembe ya pili. Wanagombana kutwa kwenye karai, lakini kwenye ramani kila mmoja anajua mwenziwe atageukia wapi. Mpwa wangu ana chepesi, ndiye macho. Binamu wa Likoni anabaki nyuma na kiwinda-vifaru, kwa sababu ni mvivu na ana shabaha.

Dakika ya kwanza na nusu

Hakuna kushambulia hapa. Mpwa wangu anakwenda kumulika, yaani kuwafanya adui waonekane ili sisi tulio mbali tuwaone kwenye ramani. Kazi yake si kuua. Nimemwambia mara mia: ukifyatua, umejitangaza. Ajibanze kichakani, ahesabu, arudi. Taa ya kumjulisha kwamba ameonekana huchelewa kidogo kuwaka, kwa hiyo ikiwaka asikae kufikiri.

Karani anaandika. Kweli anaandika, kwa kalamu. Kazi yake ya mchana ni makontena gani yameingia na gani yametoka, na usiku anafanya yaleyale. Wanne wameonekana upande wa kilima, mmoja katikati, wawili hawajaonekana. Wale wawili wasioonekana ndio wanaotuhangaisha. Ukiona wanne au watano upande mmoja, ujue upande wa pili ni mwepesi, na huko ndiko tunakokwenda, haraka, kabla hawajarudi. Binamu anabaki kuwachelewesha wale wengi. Hahitaji kuwaua, anahitaji kuwatia shaka: risasi moja, anarudi nyuma, anahama, risasi nyingine.

Ikiwa mchezo ni wa vituo vitatu, A, B na C, ambapo timu inakimbilia pointi 1,000, usingoje hata hiyo dakika na nusu. Pale pointi zinakimbia na aliyejificha anapoteza akiwa hai.

Kuhesabu tatu

Makuli wa Marikiti wakisukuma mkokoteni wa magunia kupanda mlima, hawaanzi kila mtu kwa wakati wake. Mmoja anaita, wote wanasukuma. Ndilo tunalofanya, ila kuna kitu nilichojifunza kwa maumivu. Sisi tunaongea kwa simu ya pamoja ya WhatsApp, na sauti huchelewa, kwa mwingine kidogo, kwa mwingine sana. Anayehesabu akitoka papo hapo anaposema "tatu," wenzake wanaisikia akiwa keshatokeza peke yake. Kwa hiyo anayehesabu hutoka wa mwisho. Karani anahesabu, dereva wa tuktuk anaongoza.

Maneno tumeyapunguza mpaka yakabaki machache. "Tayari" ni risasi imo ndani. "Nimetoa" ni kwamba nimeshapiga, niko mtupu. "Cheni" ni kwamba adui amekatika mnyororo, hawezi kwenda. Shabaha tunaitaja kwa jina na upande: "Tiger, kushoto." Hakuna "pale pale!" Pale wapi, yakhe?

Na hatuhesabu mpaka wote watatu wa nyundo wamesema "tayari." Kutoka na mzinga mtupu ni kwenda sokoni bila pesa. Wakati mzuri kuliko wote ni pale adui anapokuwa ameshapiga. KV-2, ile yenye mzinga wa milimita 152, ikikupiga unaona nyota, lakini ikishapiga inachukua muda mrefu kujaza. Mtu anaweza kumaliza kikombe cha kahawa tungu. Mmoja wetu anatokeza ncha ya kifaru, anaichokoza, ikishafyatua ndipo karani anasema moja, mbili.

Kama mnaweza, risasi ya kwanza iwe ya gurudumu la mbele la yule mnayemtaka. Akikatika mnyororo hawezi kurudi nyuma ya kona yake, na dawa ya kutengeneza haiwi tayari kila saa. Hapo sote tunamshukia.

Wa mbele hasimami

Hapa nina kisa changu mwenyewe. Tulikuwa kwenye Mines, ramani yenye kilima katikati. Anayekishika kilima anaona nusu ya ramani. Tulikuwa watano, wao watatu upande ule, hesabu imekaa sawa, pembe mbili zipo. Mimi ndiye niliyeongoza. Nikatoka vizuri, nikafika katikati ya uwazi, nikamwona mmoja ana uhai kidogo kabisa, kama 40. Nikasimama nimmalize. Risasi ikapiga mwamba.

Nilipokuwa nimesimama, dereva wa tuktuk alikuwa nyuma yangu, hawezi kupita. Karani nyuma yake. Wote wawili hawaoni kitu isipokuwa mgongo wangu. Ndugu wa viazi walikwishatokeza upande wa pili, wakadhani sisi tunakuja, wakabaki wawili dhidi ya watatu. Chini ya nusu dakika tulikufa wanne. Karani hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Binamu ndiye aliyelitaja vizuri, kwa sababu kila siku anavuka. Alisema, ukiingia feri ya Likoni wa kwanza, unakwenda mpaka mwisho kabisa. Ukisimama pale mlangoni ati utafute simu yako, foleni nzima mpaka barabarani inakupigia honi. Basi wa mbele kwetu anapita kona, anampita adui wa kwanza kwa urefu wa kifaru kizima au zaidi, na kupiga anapiga akiwa anakwenda, hata akikosa. Kazi yake ni kufungua nafasi na kula risasi mbili tatu. Wanaoua ni wa pili na wa tatu. Tangu siku ile mimi ni wa pili.

Anayeongoza awe na chuma kinene na uhai mwingi, na ajue kugeuza mwili. Risasi ya kawaida ikilifikia bamba kwa mlazo mkali sana, nyuzi 70 na kuendelea kutoka kule kupiga kwa kunyooka, inateleza bila kuingia, isipokuwa mzinga uwe na upana unaozidi unene wa bamba mara tatu. Kwa hiyo asitokeze kifua wazi. Anatoka mshazari, akinyoosha uso pale tu anapoanza kukimbia. Uhai wake ukishuka nusu, anabadilishana na wa pili. Mwenye uhai 200 aliyebaki nyuma akipiga ana faida kubwa kuliko shujaa aliyekufa na uhai wake wote ameutumia yeye peke yake.

Kurudi nyuma kunaamuliwa kabla ya uwazi. Karani akisema "rudi" tukiwa bado tuko konani, tunarudi, hakuna anayeuliza. Tukishavuka nusu, hata kama wametokea wawili zaidi, tunaendelea. Kugeuka pale ni kuwaonyesha mgongo, na mgongo mara nyingi ndio mwembamba.

Mambo ya Mombasa

Kebo za intaneti zinatokea baharini hapa hapa kwetu, TEAMS na SEACOM zote tangu 2009, na bado seva ya Ulaya iko mbali. Pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, hucheza milisekunde 150 hadi 170. Maana yake ni kwamba ule mchezo wa kuchungulia kona, piga, rudi, mtu wa Ulaya atakushinda. Wewe ukiona umerudi, yeye bado anakuona umetokeza. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya sisi kupenda kuvamia kwa pamoja. Ukiwa umeshamkaribia mita 20, kuchelewa kidogo hakukudhuru sana.

Joto nalo. Simu ikipata moto inapunguza mwendo, picha inakwama katikati ya "tatu." Toa kava, usicheze huku unachaji, elekeza feni kwenye simu badala ya uso wako. Wateja wangu wa betri zilizovimba wanajijua. Na stima ikikatika Majengo, dereva wa tuktuk anapotea na ruta yake. Siku hizi anaweka bando la simu tayari.

Mazoezi ya vizibo

Kabla ya kuingia, tunachora ramani kwenye boksi kwa makapeni, tunaweka vizibo vya soda: vyetu vyekundu, vyao vya buluu. Kila mmoja anasogeza chake huku karani akihesabu. Kisha tunavuta uzi kutoka kila kizibo chetu mpaka shabaha. Uzi ukipita juu ya nyumba, mtutu huo hauoni, usihesabiwe. Tunahamisha vizibo mpaka nyuzi tatu zimfikie adui mmoja bila kugusa ukuta. Dakika kumi hivi, tunakunywa chai.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliitazama ile nyundo yetu kwenye boksi la Himmelsdorf, akasukuma kizibo cha karani mtaa mmoja kulia. Uzi ukanyooka. Tumekuwa tukimweka mahali pasipo, miezi minne. Karani amechukua kalamu na kuandika.